Kifusi cha Vigae vya Kijani

Miaka tisa nimeitwa Fundi Nyufa. Jina alinibandika kaka yangu, na kila familia ikikutana hulisindikiza na mzaha uleule: "Huyu hata akikoroga uji, utapasuka." Watu hucheka. Nami nilikuwa nikicheka, maana njia niliyoitengeneza bustanini kwa mama ilititia kabla ya mwaka kwisha, mama akajikwaa hapo akavunjika nyonga. Ufundi wa uashi nikauacha. Mwiko nikautupia darini, nikaenda kuuza rangi kwenye duka la mtu.

Jumamosi nilirudi kuitengeneza njia ile, kwa kuwa mama sasa anatembelea mkongojo. Nilipiga nyundo, bamba la zege likainuka, na chini yake nikaona udongo mtupu.

Nilichuchumaa nikachimbua kwa mikono. Udongo tu. Mahali pale, miaka ile tisa nyuma, nilishindilia kifusi cha vigae vya kijani, vya jiko la zamani la marehemu baba, siku mbili, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ya tatu homa ikaniangusha, na kaka akasema, "Pumzika mdogo wangu, zege nitamwaga mimi." Nikamshukuru! Mwezi uleule alikuwa anajenga baraza lake, hilo analojisifia kwamba halina ufa hata wa unywele. Chini ya ngazi yake huchungulia kipande cha kigae cha kijani. Nimekiona mara ngapi, wala sikuwahi kujiuliza.

Mama alitoka, akasimama mlangoni.

"Mama, kifusi changu hakimo."

Alilitazama shimo. "Nilimwona akikipakia kwenye toroli."

"Lini?"

"Siku ileile ya homa yako. Mkewe alikaribia kujifungua, baraza halijaisha. Nikajua udongo nao utashika." Akashusha sauti. "Kaka yako hawezi kubeba aibu, mwanangu. Wewe una moyo."

Nina moyo! Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa kaka niliumia, lakini sikushangaa sana. Mama ndiye aliyenimaliza. Alipovunjika nyonga nilipiga magoti kando ya kitanda chake hospitalini, nikalia nikimwomba radhi, naye akanipapasa kichwa akasema, "Nimekusamehe." Alikuwa anajua.

"Mwaga zege tuyamalize," alisema. "Kaka yako anakuja kesho."

"Simwagi."

Nilitafuta ubao mpana nikaulaza juu ya shimo, nikaukanyaga mara mbili kuhakikisha hauchezi, maana ni mama yangu. Kisha nikakusanya vifaa vyangu.

"Akija, mwambie avirudishe vigae vya baba. Nitavishindilia mwenyewe."

"Mwanangu, usiondoke hivyo."

"Na ule msamaha wa hospitalini, mama, nakurudishia. Haukuwa wangu."