Mkono wa Adoyo

Zedekiah hakuweza kutulia. Aliketi, akasimama, akauzunguka ua wa shule ya chekechea pale Mbotela mpaka Mwalimu Teresiah akamwambia, "Baba Adoyo, utatuchimbia mtaro."

"Mwalimu, intaviu ni kesho! Mtoto hajui kuandika jina lake, na wewe unamchezesha mawe?"

Haki yake kuhangaika. Nafasi za darasa la kwanza zilikuwa chache, na asiyejua kuandika jina alirudishwa nyumbani akangoje mwaka mwingine. Adoyo, bintiye wa miaka sita, alishika penseli kama mwiko wa ugali. Kila jioni Zedekiah, karani wa reli aliyeringia mwandiko wake, alimkalisha mezani, na kila mara mtoto alipoihamishia penseli mkono wa kushoto, rula ilimshukia kiganjani. Samaki mkunje angali mbichi, alisema. Na kukunja alikunja kweli, jamani.

"Alipokuja hapa hata vifungo vya sweta vilimshinda," Mwalimu akasema. "Sasa mtazame."

Kando ya ukuta watoto walikuwa wamechimba kishimo, wanacheza mdako. Adoyo alirusha kijiwe juu, akazoa vingine shimoni, akakidaka kabla hakijagusa mchanga. Akarudia. Viwili, vitatu, vinne kwa mkupuo.

"Ah, Adoyo, toka bana! Si ukosee na sisi tucheze!" wenzake wakalalama.

Zedekiah alivistaajabia vile vidole vyepesi. Kisha akauona mkono wenyewe.

"Adoyo! Mkono gani huo?"

Kijiwe kikaanguka. Mtoto akauficha mkono mgongoni.

Mwalimu Teresiah uvumilivu ulimwishia. "Mchezo umempa vidole, Baba Adoyo. Wewe unamnyang'anya."

"Mkono wa kushoto hausalimii watu, Mwalimu."

"Kesho haendi kusalimia. Anaenda kuandika."

Siku ya pili wazazi walisimama mlangoni mwa darasa, mwalimu mkuu akiwaita watoto mmoja mmoja. Adoyo akaishika penseli kwa mkono wa kulia. Herufi ya kwanza ikalala chali, ya pili ikatoboa karatasi. Zedekiah aliikunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mwalimu mkuu alikuwa tayari ananyoosha mkono kuichukua karatasi.

"Tumia ule mwingine!"

Watu wote wakageuka. Zedekiah aliona haya mpaka masikioni, lakini neno lilishatoka. Adoyo alimkodolea macho, hasogei.

"Andika, mama," akambembeleza. "Andika tu."

Penseli ikahama. Herufi tano zikasimama wima, moja baada ya nyingine, na mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu tumemchukua."

Zedekiah alicheka kwa sauti, furaha imemjaa. Adoyo hakucheka. Aliiweka penseli chini, akaja mpaka alipo babake, akamnyooshea mkono wa kushoto, kiganja juu, akafumba macho.