Sumu Afe Tena

Mzee huyu ni mpole hadi anaudhi. Nyumbani kwake kuku akichinjwa, yeye hutoka nje. Lakini alipewa nyusi nene na sauti ya pangoni, na wenye kutengeneza filamu walipomwona tu, kazi ikawa imekwisha: tangu ujana wake ni jambazi, mume katili, mwizi wa mashamba. Mara hii alikuwa Sumu, tajiri anayemtoa mjane nyumbani kwake, godoro kichwani. Filamu ilipendwa kupita kiasi, na tangu hapo muuza mboga wa mtaani akawa anamchagulia nyanya zilizooza.

Hadithi ilivyoandikwa, Sumu alipaswa kuraruliwa na mbwa wake mwenyewe. Mwigizaji wetu akakataa katakata. Alikwishapigwa risasi, akaangushwa ghorofani, akazamishwa kwenye pipa, na kufa kwa makelele kulikuwa kumemchosha. Alitaka kufa kisanii. Akambembeleza mwongozaji mpaka akalegea: Sumu amelala kitandani kwake, shuka safi, usingizini, ukope mmoja unatikisika, basi. Ukope ule aliufanyia mazoezi kwenye kioo cha bafuni mpaka mkewe akataka kumpeleka kwa daktari. Hakuna kitu alichowahi kukionea fahari kama ukope ule.

Na sasa ukope huohuo ulikuwa unamkosesha binti yake mume.

Kijana mwenyewe, fundi umeme, hakuwa na neno. Wazazi wake nao waliridhika. Lakini kwao kulikuwa na bibi, na bibi akisema hapana, nyumba nzima inasema hapana. Bibi aliiona filamu, akasema mjukuu wake haoi kwenye nyumba ya mtu yule. Binti alilia mpaka macho yakavimba.

"Baba, si ungekubali tu mbwa wakule," akasema.

Kwa kumsihi sana, bibi akakubali angalau familia mbili zikutane. Mwigizaji akavaa shati jeupe, akapunguza nyusi kwa mkasi, na mkewe akamwonya asiongee sana kwa sauti ile. Bibi aliketi kwenye kochi lililomkabili, mdogo kama mto wa kulalia, fimbo mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekufa usingizini."

"Ni maigizo tu, mama."

"Najua ni maigizo, mimi si mjinga. Ninachouliza ni nani aliyeamua ufe vile."

Hapo angeweza kumsingizia mwongozaji, na mkewe alimkanyaga mguu ili kumkumbusha hivyo. Lakini mtu huyu hajui kudanganya asipokuwa mbele ya kamera.

"Ni mimi," akasema.

Binti akajifunika uso kwa mikono.

"Basi simama," bibi akasema. "Kufa tena. Na safari hii ufe unavyostahili."

Angefanyaje, na mume wa binti yake yuko mkononi mwa bibi yule? Akasimama. Akapigwa risasi, akapepesuka, akaanguka pembeni ya meza ya chai. Bibi akatikisa kichwa. Akapanda kwenye kistuli, akaanguka kutoka ghorofani. Bibi akatikisa kichwa. Akaleta mbwa: akabweka mwenyewe, akajing'ata mwenyewe, akajiburuta kwa miguu yake mwenyewe chini ya pazia. Baba wa kijana akaangua kicheko, kisha akajidai anakohoa.

"Makelele matupu," bibi akasema. "Nilidhani nataka uumie. Umeumia, na bado."

Mwigizaji alikuwa chini, jasho linamtiririka, suruali imeachia mshono. Aliona aibu mpaka ikamwishia.

"Mama," akasema, "kwani ulitaka Sumu afanye nini?"

"Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alinitoa nyumbani," bibi akasema. "Wanangu wadogo, godoro kichwani. Yeye akaishi vizuri, akafa usingizini kwenye shuka safi, na msibani wakamsifu. Hakuwahi kuniambia neno. Nikaiona filamu yako, nikasema leo, hata kama ni uongo, leo atasema. Wewe ukatikisa ukope."

Hakuna aliyekohoa tena. Baba wa kijana, aliyekuwa mmoja wa watoto wale lakini mdogo mno kukumbuka, alimkodolea macho mama yake, maana habari hii hakuwahi kuisikia.

Mwigizaji akapiga magoti mbele ya kochi. Hakukunja nyusi, wala hakutumia sauti ya pangoni.

"Nyumba ilikuwa yako," akasema. "Nilijua ni yako. Nilikutoa kwa sababu hukuwa na wa kukutetea, na kila nilipolala mle ndani nilijua nimelala kwako."

Bibi akamtazama, fimbo imemteleza mapajani na hana habari.

"Haya," akasema. "Sasa kufa."

Akalala ubavu pale kwenye zulia, akafumba macho. Hakutikisa chochote.

Bibi akapangusa machozi kwa ncha ya mtandio, akawageukia mwanawe na mjukuu wake.

"Mnatazama nini?" akasema. "Mwinueni mkwe wetu, sakafu ina baridi."