Mama Haongei Sawa

Kankindi alianza kupika katika nyumba ya wageni ya Nyiraneza, mtaani Nengo, mwaka 1996, alipovuka mpaka kutoka Goma na binti yake Keza. Nyiraneza alikuwa amerudi kutoka Tanzania, na wageni wake wengi walikuwa wafanyabiashara wa huko. Kinyarwanda hawakukijua, kwa hiyo mezani kilizungumzwa Kiswahili.

Kila Jumapili baada ya chakula Nyiraneza aliita: "Kankindi! Njoo uwaambie wageni kumebaki nini."

"Samaki ya sambaza iko, mama. Viazi pia iko, lakini ya mutu moja tu."

"Mutu moja!" wageni walirudia, wakifuta machozi ya kicheko. Kankindi naye alicheka. Kwa miaka miwili alidhani wanampenda.

Jumapili moja Keza, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alikuja kuosha vyombo. Nyiraneza akamwita sebuleni.

"Hebu tuonyeshe, mama yako nyumbani anaongeaje?"

Keza alimwona mama yake amesimama mlangoni na sinia. Hata hivyo akashika kiuno, akabenua midomo, akaanza na Kifaransa cha Goma. "We Keza! Donc mi niko mutumwa yako? Maji haiko ku nyumba!"

Hakukosea hata pumzi. Meza nzima ikaangua kicheko, na mgeni mmoja akamkabidhi soda.

Walipofika nyumbani Kankindi alimuuliza kwa Kinyarwanda, "Kwa nini umenifanyia vile?"

Keza akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka. "Sikukucheka, mama. Nilitaka wajue mimi si kama wewe."

Jumapili iliyofuata Kankindi alipoitwa, alisema kwa Kinyarwanda kwamba hakuna kilichobaki. Wageni wakatazamana.

"Sema Kiswahili," Nyiraneza alimwamuru.

Akarudia kwa Kinyarwanda kilekile.

Kesho yake asubuhi Nyiraneza alimfukuza mbele ya Keza, ambaye sasa aliosha vyombo pale kila siku. "Wapishi wamejaa mjini. Nilikuweka kwa sababu unachekesha. Keza abaki, anajua kuongea na wageni."

Kankindi alimgeukia binti yake, akangoja. Keza alikuwa akijifunga aproni, macho sakafuni.

Baada ya hapo Kankindi akaanza kuuza viazi kutoka Mudende sokoni. Miezi miwili baadaye Keza, ambaye sasa aliishi kwa Nyiraneza, alikuja na mgeni mmoja mpya kununua mahitaji. Alisimama mbele ya viazi vya mama yake kama mteja yeyote.

"Shikamoo, mama. Fungu hili bei gani?"

Kankindi alimwita kwa jina, akamsemesha kwa Kinyarwanda.

"Unamfahamu?" mgeni aliuliza.

"Haongei Kiswahili," Keza alisema, akasogea kwa muuzaji mwingine.