Masikio ya Mama Happy

Raheli aliyaona maneno kabla hajayasikia. Injini ilikuwa inanguruma, mkanda unakimbia kati ya puli mbili, unga unashuka kwenye mfuko wa turubai, na pale mlangoni Mwenyekiti Zainabu amesimama na mtandio wake wa zambarau, midomo ikicheza. Miaka ishirini na miwili ya mashine ilikuwa imemfundisha Raheli kusoma midomo kama wengine wasomavyo gazeti. Akasoma: "Tumpe Clemence." Wanawake watatu wa kamati wakaitikia kwa vichwa. Akasoma tena: "Kabla hajatuulia mtu."

Akavuta waya wa kuzimia. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Akazishusha hedifoni kutoka masikioni, zikamkaa shingoni kama kola nyeusi, akajipangusa unga usoni.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Happy. Za asubuhi?"

"Njema. Na nimeshasikia mlichokuja nacho."

Zainabu akaangalia chini. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki siku hiyo ilikuwa nzito kwake. Wote wawili walikuwa miongoni mwa akina mama kumi na sita wa Kwemtindi waliobeba mawe vichwani kujenga kile kibanda, enzi ambazo kusaga kulimaanisha kushuka na debe mpaka barabarani na kupanda nalo tena. Tangu siku ya kwanza, mtu wa mashine alikuwa Raheli.

Lakini wiki tatu zilizopita mkanda ulidaka kanga ya mteja. Watu walipiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia. Raheli alikuwa ameinamia kinu, mgongo umewaelekea, na hakusikia lolote. Fundi Clemence, aliyekuwa amepita kuleta nati, ndiye aliyemvuta yule mama kiunoni. Kanga ilichanika katikati, nusu yake ikabaki inazunguka na puli, ikipepea. Yule mama alipona bila mchubuko. Raheli ndiye ambaye hakupona. Kesho yake alfajiri alikata mabanzi ya mkaratusi, akauzungushia mkanda uzio unaofika kifuani, wateja wakawa wanasimama nje yake. Hata hivyo kila alipofumba macho aliiona ile nusu kanga.

Masikio yalikuwa yamekwenda taratibu, kama kamba inavyoliwa na panya. Kwanza ndege wa asubuhi. Kisha shikamoo za watoto njiani, watu wakaanza kusema Mama Happy siku hizi anaringa. Mwisho ilikuwa kwaya. Raheli aliimba sauti ya pili kanisani tangu akiwa msichana, na Pasaka iliyopita mwalimu wa kwaya, Nathanaeli, alimsogeza mwisho wa benchi bila kusema neno. Jumapili iliyofuata Raheli alikaa na waumini wengine, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani.

Alikuwa amejaribu kujikinga. Pamba zilidondoka. Vitambaa vilimwasha. Kuna mtu aliwahi kumpa vile viziba masikio vigumu vya kiwandani, vikambana kichwa hadi akatapika. Halafu, siku chache baada ya ajali ya kanga, binti yake, Happiness, anayefanya kazi ya kupokea simu za wateja Dar es Salaam, akatuma boksi kwa basi mpaka Mombo. Ndani yake mlikuwa na hedifoni zisizo na waya, amezitumia mwaka mmoja tu, kazini wamempa nyingine.

"Zinafuta kelele, mama," alisema kwenye simu, akipaza sauti. "Uwe unasikiliza nyimbo zenu."

Raheli alizivaa jikoni, jioni, ugali ukiwa motoni. Hazikubana. Zilikuwa na mito laini iliyoyafunika masikio yote pande zote, nyepesi, kama viganja vya mtu anayekuja kwa nyuma akuzibe kwa mzaha na kukuuliza, "Unadhani mimi ni nani?" Kisha akafungua kwaya yao, ile waliyorekodi zamani kanisani. Alikuwa ameisikia mara elfu kwenye simu, ikitoka kama nyuki kwenye kopo. Sasa kila mtu alikuwa amesimama mahali pake. Besi walikuwa kushoto kwake, karibu na mlango. Soprano mbele. Benchi lililia mtu alipohama mguu. Kabla ya ubeti wa tatu mtu alivuta pumzi, na Raheli akaitambua ile pumzi kabla hata sauti haijatoka, kwa sababu ilikuwa yake. Ugali uliungua. Aliula hivyohivyo.

Wazo la kuzivaa mashineni lilimjia siku ya nne. Alitegemea kimya. Alichokipata hakuwa na jina lake. Ule mngurumo mzito, ule unaotetemesha meno, uliondoka kama mtu aliyefungiwa mlango wa mbali. Na nyuma yake kukabaki vitu vidogovidogo ambavyo hajavisikia kwa miaka. Mahindi yakigonga bati. Nyundo za kinu zikipiga kwa mpangilio. Kiungio cha mkanda kikipita kwenye puli, tap, tap, tap. Ilikuwa kama mwanamke aliyeishi na mlevi wa kupiga kelele, mlevi akahama, ndipo akagundua kwamba nyumba ina watoto.

Hayo ndiyo aliyotaka kuieleza kamati asubuhi ile ya Jumamosi. Lakini Clemence alikuwa ameshaingia, ovaroli safi, bisibisi mfukoni. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, fundi hodari, na hakuwa na ubaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi sikuomba kazi yako. Wameniita." Akaionyesha ile kola nyeusi kwa kidevu. "Ila kweli niseme? Mtu anayeziba masikio mashineni ni sawa na dereva anayefumba macho. Mashine huongea. Ukiziba, itaongea na nani?"

Wanawake wa kamati wakaguna. Lilikuwa neno zuri, na Raheli alijua kwamba angekuwa yeye upande ule, naye angeguna.

"Saga," Zainabu akasema. "Tukuone."

Nje foleni ilikuwa imefika kwenye migomba. Kesho yake kulikuwa na kipaimara, nyumba saba zina wageni, na kila nyumba imeleta mahindi. Raheli akainua kilemba, akazikalisha hedifoni juu ya masikio yenyewe, maana kitambaa kikiingia katikati kelele huvuja, kisha akakifunga kilemba juu yake. Miwani akaiweka dirishani kwa sababu hiyohiyo. Akashika hendeli, akaizungusha mara tatu kwa mwili mzima, akaachia. Injini ikashika.

Debe la kwanza likapita. La pili likapita. Katikati ya la tatu, mkono wake ukasimama juu ya mahindi.

Palikuwa na kitu. Chembamba, juu ya sauti zote, upande wa kushoto wa kinu. Si kiungio cha mkanda, hicho alikijua. Hiki kilikuwa kama mtu anayesaga meno usingizini. Kinakuja, kinapotea, kinakuja. Akafunga mlango wa mahindi ili kinu kizunguke kitupu. Kikaja tena, kirefu zaidi.

Akavuta waya. Mashine ikafa.

"Kuna nini?" foleni ikauliza kwa pamoja.

"Beringi ya kushoto inakufa."

Clemence akatabasamu, si kwa dharau. "Mama, nimeipaka grisi Jumatatu. Kwa mikono yangu hii."

"Naijua kazi yako. Lakini inakufa."

"Washa."

Akawasha. Clemence akaweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi na mpini kwenye sikio lake, kama mafundi wote wafanyavyo, akafumba macho, akasikiliza kwa muda wa kutosha. Injini ilitetemesha kibanda chote. Akatikisa kichwa, akaashiria izimwe.

"Nasikia injini tu. Beringi nzima."

Nje mtu akasema watu wana kipaimara. Mwingine akasema afadhali wangeshuka Lushoto tangu asubuhi. Kukifungua kinu ni kupoteza mchana, na kila mtu alijua. Wanawake wa kamati wakatazamana, na katika kutazamana kule Raheli akaona kazi yake inaondoka, kimya, kama alivyosogezwa kwenye benchi la kwaya. Ile mara ya benchi hakusema kitu.

"Mama Mwenyekiti," akasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, kama itokavyo kwa watu wasiosikia vizuri. Hakuipunguza. "Kifungueni. Kama beringi ni nzima, ufunguo huu hapa, nampa Clemence leo hii mbele ya watu wote, na sitaweka kinyongo. Kama si nzima, tutazungumza mengine. Lakini sitasaga hata kikombe kimoja watu wamesimama hapa mbele ya kinu."

Jogoo akawika mahali fulani bondeni.

Zainabu akanyoosha mkono. "Hebu lete hicho kidude."

"Unavaa chini ya mtandio, ngozi kwa ngozi."

Mwanakamati mmoja akatandaza kanga kumsitiri. Nyuma yake ukasikika mchakacho wa nguo, na sauti ya Zainabu ikisema, "Loh! Laini hivi?" Kanga iliposhuka Mwenyekiti alikuwa amesimama wima, kichwa kimevimba pande mbili chini ya mtandio wa zambarau, na hakuna aliyethubutu kucheka. Raheli akazungusha hendeli.

Uso wa Zainabu ulibadilika injini iliposhika. Kwanza macho yalimtoka, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Akaitazama injini kuhakikisha kama kweli inazunguka. Kisha akasogea kwenye kinu, hatua moja, nyingine, kichwa ameinamisha upande. Akatulia. Na ghafla akarudi nyuma na kumkamata Raheli mkono kwa nguvu, akisema kitu kwa Kishambaa ambacho Raheli alikisoma mdomoni neno kwa neno.

Injini ikazimwa.

"Inasaga meno," Zainabu akaiambia foleni, kwa sauti ya mtu aliyeona jambo. "Wallahi, inasaga meno. Clemence, fungua."

Clemence akafungua. Spana namba kumi na saba, nati nne, kifuniko kikatoka. Alipoichomoa beringi ya kushoto, vipande viwili vya chuma vilidondoka sakafuni vikalia kama sarafu. Kizuizi cha ndani kilikuwa kimekatika, gololi zimechubuka, na shafti pale ilipokuwa imekaa ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa moto. Clemence akaichukua beringi kiganjani, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka robo, ikakwama.

Alichuchumaa pale muda mrefu. Hakuwa anaitazama tena. Alikuwa anatazama nyundo za kinu, vyuma ishirini na vinne vizito kama patasi, kisha mahali walipokuwa wamesimama watu wa zile nyumba saba za kipaimara na madebe yao.

"Ingeachia leo," akasema. "Labda debe la kumi. Nyundo zingetoka na bati." Akainuka, akafuta mikono kwenye ovaroli yake safi, akamgeukia Raheli. "Nilipaka grisi juu ya ufa, mama. Grisi ikaificha sauti. Bisibisi ikaniletea injini, na wewe uliiondoa injini. Naomba nami nisikie siku moja."

"Utasikia. Kalete beringi kwanza."

Foleni ikacheka, na ule ukawa mlango wa furaha. Mama mmoja akapiga kigelegele, mwingine akakidaka, kikapita migombani mpaka barabarani. Clemence akaruka kwenye pikipiki kuelekea Lushoto. Wanawake wakakaa kwenye nyasi, wakagawana ndizi za kuchemsha, na ile habari ikasimuliwa mara tano kabla hata beringi haijafika. Katika usimulizi wa tano Zainabu alikuwa amesikia mambo mengi zaidi.

Saa tisa alasiri beringi mpya ilikuwa imekaa mahali pake, kinu kikafungwa. Mwenyekiti Zainabu akasimama juu ya jiwe la kufulia.

"Sikilizeni. Mashine ina mtu wake. Clemence atakuja kila mwezi kufungua, na Mama Happy ndiye atakayemwambia afungue nini. Na ule uzio, kamati itaujenga wa chuma. Nani ana neno?"

Foleni ikajibu kwa vigelegele. Nathanaeli wa kwaya, aliyekuja kuchukua unga wa nyumbani kwake, akasogea karibu na Raheli, kofia mkononi.

"Kesho kuna kipaimara," akasema, akihakikisha Raheli anauona mdomo wake. "Sauti ya pili wamebaki wawili."

"Nikae wapi?"

"Pale pako pa zamani. Katikati."

Raheli aligeuka kuangalia mahindi, akapitisha vidole ndani yake, na Nathanaeli akawa mwungwana, akasubiri.

"Nitakuja mapema," akasema. "Nianze na mazoezi."

Mashine ikaanza tena, na sasa ilizunguka kama maji. Debe baada ya debe. Jua lilipoanza kuegemea milima upande wa Magamba, foleni ilikuwa imebaki mtu mmoja: Bibi Tatu, mwenye nyumba iliyopakana na ukuta wa kibanda, ajuza mwembamba mwenye ndoo ndogo ya bluu.

"Onga mshi," akawasalimu.

"Tiwedi," wakaitikia waliobaki.

Alikuwa amesikia vigelegele mchana kutwa na sasa alitaka kukiona chenyewe. Raheli akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaupenyeza mkono chini ya ushungi wake, akaiweka mito ile juu ya masikio madogo makavu, moja, halafu la pili. Hakumwekea wimbo. Akabonyeza kitufe tu, kisha akaenda kuwasha injini na kumwaga mahindi ya bibi kinuni.

Miaka ishirini na miwili Bibi Tatu alikuwa amepikia, amelelea wajukuu na ameswalia nyuma ya ukuta ule. Injini iliposhika alijikunja mabega kwa mazoea, akaingoja kelele, haikuja. Mabega yakashuka. Akatazama puli zikizunguka, mkanda ukikimbia, bati likitetemeka, watu wakifungua midomo. Kisha akageuza uso polepole kuelekea bondeni, kwenye mashamba ya kabichi na moshi wa jioni, mikono ameiweka mapajani, viganja juu.

Unga ukajaa ndoo ya bluu. Ukapanda, ukafanya kilima cheupe, ukaanza kuteremka pembeni na kumwangukia bibi miguuni. Raheli aliuona, Zainabu aliuona. Hakuna aliyemgusa.