Pindo la Vidole Vinne

Siku ile mjinga alikuwa Faki, na lau ungemuuliza angekubali bila ya kuapishwa. Mtoto anapelekwa kortini kwa kosa la kuua, na fundi mzima, miaka thelathini kwenye cherehani, anamshonea suti!

Tena si suti ya mchezo. Suruali ndefu yenye marinda, koti la kijivu, na mabegani akatia sponji, maana mwaka ule wa themanini na sita mwanamume asiye na sponji alionekana kama kuku aliyenyeshewa. Mishi, mama wa mtoto, mpika mahamri wa Kisumu Ndogo, alikuwa amesema tu, "Kaka Faki, mshonee kitu cha heshima, wasimwone mhuni." Basi Faki akaijaza heshima mabegani.

Taib alipopanda kizimbani, askari mmoja akanong'ona, "Dume hilo!" Faki, kule kwenye benchi la nyuma, akatabasamu kama aliyesifiwa yeye.

"Umri wake?" hakimu akauliza.

Inspekta Musyoka, kiongozi wa mashtaka, akayapima yale mabega kwa macho. "Kumi na minane, mheshimiwa. Mtu mzima."

"Kumi na mitatu!" Mishi akapiga kelele. Akanyamazishwa. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Taib alizalishwa nyumbani, na mkunga mwenyewe keshakufa. Karani akaandika kumi na minane. Tabasamu likamganda Faki usoni. Mtu mzima akipatikana na hatia ya kuua hunyongwa, mtoto hanyongwi. Tofauti yote ile ilikuwa sponji ya shilingi kumi.

Maana Taib aliua, hilo halikuwa na ubishi. Yeye na mwenzake Karisa waligombania zamu ya baiskeli ya kukodi. Karisa akamzaba kofi mbele ya watu. Taib akaenda zake, akarudi na nondo. Pigo moja tu.

Kwa wiki mbili Faki alishona huku akijitukana, hata wateja wakadhani anawatukana wao. Mpaka asubuhi moja mama mmoja akamletea sare ya mwanawe, mtoto karefuka, pindo lifumuliwe. Faki akashika wembe, akakata uzi wa kwanza, akasita.

"Vipi fundi, umejikata?"

"Nilijikata zamani, bibi. Leo ndiyo naiona damu."

Akatoka mbio kwa Mishi kuitaka kaptura ya shule ya Taib.

Siku ya kesi alimkuta Dena kwenye baraza ya korti. Dena alikuwa mkulima wa Kakuyuni, baba wa Karisa. Mwanawe alikuwa amemweka mjini kwa shangazi yake apate kusoma.

"Shikamoo, mzee Dena."

"Suti ya aliyeniulia mwanangu umeishona vizuri," Dena alisema.

"Na kaptura ya Karisa niliishona mimi," Faki akajibu. "Mwezi wa kwanza, uliponiletea mwenyewe."

Dena akageuza uso.

Ndani, Faki alipoitwa, aliikunjua kaptura ya kaki juu ya meza ya karani. Taib leo alivaa fulana tu, na shingo ilionekana ilivyo nyembamba.

"Mheshimiwa, mtu mzima nikimshonea, namkata sawa na urefu wake. Mtoto namwachia pindo ndani, vidole vinne, akikua lifumuliwe. Hili halijaguswa bado."

Inspekta Musyoka akacheka. "Fundi, wiki mbili zilizopita ulimvisha suti, leo unamvisha kaptura. Wiki ijayo utatuletea nepi?"

Korti nzima ikaangua kicheko. Faki, ambaye maisha yake yote ndiye aliyekuwa akiwachekesha watu, leo alionja ladha ya upande wa pili.

"Suti ile ni ujinga wangu, bwana. Nifungeni mimi kwa hilo."

"Kitambaa si ushahidi," Musyoka akasema. "Na marehemu je? Mtoto wa miaka kumi na mitatu, kauliwa na jitu kama hili! Baba yake yuko hapa, mheshimiwa. Aulizwe yeye kama huyu ni mtoto."

Hakimu akamwita. Dena akaja polepole, akaishika kaptura, akapapasa lile pindo kwa kidole gumba, mshono baada ya mshono. Mishi alijifunika uso kwa leso.

"Mzee, usiogope," Musyoka akamwambia kwa upole. "Sisi tuko upande wako."

"Ya mwanangu iko nyumbani, imetundikwa ukutani. Kitambaa ni hiki, pindo ni hili hili," Dena akasema, bila ya kumtazama Taib. "Dawati walikaa moja, tangu darasa la kwanza. Huyu sijamsamehe, bwana. Lakini ikiwa yeye ni mtu mzima, nambie wewe: mwanangu mtoto alikuwa akigombania baiskeli na mzee gani?"