Ombi la Mwisho Kabla ya Inspekta

Kabla Zeddy hajahamia Section 58, mtaa wa Nakuru, Milcah alikuwa wa Celestine. Hakuna aliyesema hivyo waziwazi, lakini pale plotini walikopanga nyumba kila mtu alijua. Walianza masomo ya jioni pamoja katika ukumbi wa kanisa, wanawake wazima wamekalia viti vya watoto, na walisomea kitabu kimoja, Celestine ameshika upande wa kushoto na Milcah upande wa kulia. Zaburi ya kwanza waliyoisoma wenyewe bila mwalimu kuwasukuma, waliimaliza wakashikana mikono kama wasichana.

Ndipo Zeddy akaja na televisheni yake.

Ilikuwa kubwa, ya rangi. Mumewe, Makokha, alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria na alirudi nyumbani mara chache, kwa hiyo kwenye makochi nafasi haikukosekana. Ushirika wa akina mama wa kila Jumatano, ambao siku zote ulizunguka nyumba kwa nyumba, ukafika kwa Zeddy na kukwama hapo. Watu walisema ni kwa sababu ya nafasi. Celestine alijua ni kwa sababu ya Inspekta.

Inspekta alikuwa mpelelezi wa Kizungu wa enzi za farasi na kofia ndefu, na kipindi chake kilianza mara tu baada ya ombi la kufunga ushirika, kabla ya taarifa ya habari. Akina mama walibaki "kumalizia chai". Mwaka huo wa 2007 matangazo ya kampeni yalikuwa yakikatiza kila kitu, na kila yalipokatiza, wao walibishana.

"Ni huyo mpwa," Chepkemboi, aliyekuja kila wiki kutoka Lanet, alikuwa akisema. "Mwanamume anayechana nywele hivyo ana jambo."

"Wewe kila wiki ni mwenye nywele," mwenzake alimjibu.

"Na kila wiki nakosa kidogo tu."

"Mimi naona ni mpishi," Celestine alisema. "Mbona hakulia?"

"Ngojeni kwanza tumsikie Zeddy," Milcah alisema.

Zeddy hakuwa na haraka. Kila mara aliwamiminia chai, akawaacha wachoke kubishana, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi naona ni daktari." Na kweli ilikuwa daktari. Milcah alijipiga paja na kusema kwamba huyu dada akiajiriwa CID, wezi wote wa Nakuru watahamia Naivasha.

Celestine alicheka pamoja nao, huku kitu kama kiungulia kikimpanda kifuani. Baada ya kipindi, Milcah hakutoka naye tena kama zamani. Alibaki jikoni na Zeddy kuosha vikombe, na kicheko chao kilimfuata Celestine hadi langoni.

Aliliombea jambo hilo kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Alimsihi Mungu amwondolee wivu. Lakini ombi lile lilikuwa na mlango wa nyuma: alitaka wivu uondoke kwa njia ya Zeddy kukosea, hata mara moja.

Kisha kikaja kisa cha hoteli ya baharini. Mama tajiri, mgonjwa, alipewa sumu, na kipindi kikaisha kabla muuaji hajajulikana. Wiki nzima hapakuwa na habari nyingine. Walibishana wakichota maji mferejini na kwenye kamba za nguo. Chepkemboi alipiga simu kutoka Lanet kusema amebadilisha mawazo, si mwenye nywele tena, ni kasisi.

Siku ya Jumanne, Masinde, kakake Celestine, alipita kumsalimia. Alikuwa mlinzi huko huko Olkaria.

"Huyo jirani yenu, bibi ya Makokha, tunamwonanga kwa klabu ya wafanyakazi," alisema akila ugali. "Kila Jumapili anakuja kutazama Inspekta. Pale kuna dishi la setilaiti, kipindi tunakipata kabla yenu."

Celestine aliweka mwiko chini. "Kwa hivyo hii ya hoteli ameshaiona?"

"Sote tumeiona. Ni yule rafiki anayemsukuma mgonjwa kwa kiti cha magurudumu. Wivu tu."

Kesho yake, zamu ya kufunga ushirika kwa maombi ilikuwa ya Celestine. Walisimama, wakafumba macho. Alianza vizuri, akiombea wagonjwa, wajane na amani ya uchaguzi, na kila sentensi ilijibiwa "Amina". Amina ya Milcah aliijua hata katikati ya sauti kumi.

"Baba, wewe unaona yaliyofichika," akaendelea. "Unawaona wanaotazama kabla ya wenzao. Wanaokaa klabuni Olkaria siku yako takatifu, halafu Jumatano wanajifanya wana kipawa."

Amina zilipungua. Ya Milcah haikusikika. Celestine akapandisha sauti.

"Hata yule rafiki, Bwana, anayemsukuma mama mgonjwa kwa kiti huku akimtilia sumu kwa wivu, sisi hatukumjua, lakini kuna aliyemjua tangu Jumapili!"

"Ndiyo, Bwana," Chepkemboi aliitikia kwa mazoea. Kisha akafumbua macho. "Ngoja. Nani alimtilia sumu?"

Zeddy alikuwa akitazama zulia lake. Muziki wa Inspekta ulipoanza, hakuna aliyeketi upesi.

"Sasa tutazame nini?" Chepkemboi akauliza. "Nimembeba huyo kasisi wiki nzima."

Walitazama hata hivyo, kama watu walioitwa kwenye mkutano wa chifu. Matangazo yalikuja yakaenda bila mtu kubishana. Zeddy alikuwa jikoni. Celestine alipotoka, Milcah alimfuata mpaka langoni, na kwa muda mfupi Celestine akafikiri ameshinda.

"Aliniambia tangu wiki ya pili kwamba anakiona kabla yetu," Milcah alisema. "Alikuwa anaona haya. Nilimwambia asiseme neno mpaka tumalize kubishana, ndio utamu usiishe. Na hakuwahi kutuharibia, Celestine. Hata mara moja."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Siku ya Alhamisi darasani, Milcah alikaa kando yake kama kawaida. Lakini alikuwa na kitabu chake mwenyewe. Celestine alisoma peke yake kurasa zote mbili, wa kushoto na wa kulia, na hakuelewa hata mstari.

Jumamosi alimkuta Zeddy akianika nguo. Alikuwa ametunga maneno mazuri, yakamponyoka yote. "Nilikuombea vibaya," alisema tu.

Zeddy alibana shuka kwenye kamba. "Nyumba ni kubwa, dada. Nikikaa peke yangu nasikia hadi friji. Nilidhani nikiwa najua majibu, mtazoea kuja." Akachukua kibanio kingine. "Kesho Makokha anakuja huku. Siendi klabu. Jumatano nitakuwa kama nyinyi."

Jumatano ilipofika, Milcah alisema, "Celestine afunge. Lakini fupi, na asitaje mtu."

Waliangua kicheko, na Celestine akacheka ingawa masikio yalimwaka. "Baba, asante kwa chai na kwa nyumba hii. Amina." Amina ya Milcah ilikuja, ndogo, lakini ilikuja.

Safari hii Zeddy alisema ni mtunza bustani. Haikuwa mtunza bustani. Furaha ilimpita Celestine mwilini kama maji ya moto, ile aliyoiomba miezi mingi, na haikudumu, kwa maana Milcah alimpigapiga Zeddy gotini kumliwaza, na Celestine akalionea wivu hata goti lile.

Kipindi kilipoisha alikusanya vikombe bila kuombwa, akavipeleka jikoni. Zeddy aliosha, Milcah akasuuza. Jikoni palikuwa padogo kwa watu watatu. Milcah alimtazama akiwa amesimama pale mlangoni, akavuta kitambaa msumarini, akamtupia.

"Kausha basi, usitusimamie kama Inspekta."

Celestine alikausha kikombe cha kwanza, kisha cha pili. Moyoni alirudia ombi lake la kila asubuhi, na safari hii akaufunga mlango wa nyuma. Haukufungika wote, lakini aliusukuma.