Taulo la Kwapani

To. Kimya. To tena.

Jovina alikuwa macho gizani, akisikiliza kitenge chake kikidondosha maji kwenye beseni. Alikifua jioni, ila mkono aliouvunja kifundo alipoteleza kwenye migomba yake ya Nyanga ulikuwa umeshindwa kukikamua sawasawa. Na mkono wa kusuasua, mama mkwe wake alishasema, haumbebi mtoto. Ndiyo maana Renatha wake, wa miaka mitatu, alikuwa kwa bibi huyo huko Muleba, mpaka hospitali iseme mama amepona.

Asubuhi hiyo alikaa mbele ya Kamala, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Mara ya mwisho uliniibia nyuzi," Kamala alisema, akitoa kipimo chake cha pembe, cha plastiki, chenye mikono miwili. "Uliinua kiwiko, nikadhani kifundo ndicho kimegeuka."

"Niibe mimi? Mimi Mkristo, daktari!"

"Hata Wakristo wana hamu ya kwenda Muleba." Akakunja taulo, akambana nalo kwapani. "Likianguka, hatuhesabu. Haya, geuza kiganja kitazame juu."

Jovina akageuza. Wiki nzima alikuwa amemenya ndizi kwa mkono huohuo, huku jirani yake Sada akimcheka: "Shoga, unamenya au unachonga penseli?" Sasa maumivu yakampanda hadi kwenye kiwiko. Taulo likateleza kidogo, akalibana. Kiganja kikazidi kufunguka, kikatazama dari.

Kamala akainama, akasoma, akasoma tena.

"Nyuzi sabini na tano! Ulianza na ishirini, mama." Akampa kipima nguvu. Jovina akakiminya mpaka meno yakaumana. "Mkono huu sasa unaukaribia mwenzake. Kabebe mtoto. Ndoo kubwa bado."

Vigelegele alivyopiga viliwafanya wagonjwa wa kwenye benchi wachungulie mlangoni.

Mchana alikuwa Muleba. Mama mkwe, Magdalena, alimpokea akiwa ameshika kiuno.

"Wamesema umepona?"

"Wamesema nibebe, mama."

"Haya, tuone."

Renatha alitoka mbio jikoni, miguu peku. Jovina akainama, akamdaka, akamnyanyua mpaka kifuani. Mkono ukashika.

"Waitu!" Magdalena akapiga makofi, akicheka na kufuta macho. "Huo ndio mkono!"

Jovina akazunguka naye uwanja mzima, akarudia tena, hataki kumwachia.

"Mama, nishushe, nataka kukojoa."